Moshi wa Injini Ndogo: Utokavyo na Utunzwavyo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo dogo lenye elimu nyingi ndani yake, yaani moshi utokao katika dohani ya injini ndogo ya mfano, ile ambayo watoto huichezea na ambayo walimu wengine huiweka juu ya meza ya darasa ili kueleza jinsi gari la moshi lilivyokwenda. Tutaeleza moshi huo ni kitu gani, hutoka kwa njia gani, mbona wakati mwingine hukataa kutoka, na chombo chake kitunzwe vipi kisiharibike. Tena kuna mahali tutasema maneno ya kuonya, kwa kuwa mchezo huu una joto na mafuta ndani yake.

Kwanza tulitazame jina. Mtoto wa Msangano akitaka kuona treni hana budi kupanda kutoka bonde lake lenye joto mpaka Tunduma, mpakani. Huko hupita reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ikamalizika mwaka 1975, na kukabidhiwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, tangu Dar es Salaam hata New Kapiri Mposhi. Lakini reli hii tangu mwanzo ilipewa injini za dizeli. Basi mtoto yule aweza kusimama stesheni kutwa nzima asikione hata mara moja kile kitu kilicholipa gari la moshi jina lake. Ataona moshi mwembamba juu ya paa la injini, kama ule wa lori, wala hautoki kwa mapigo. Jina limebaki kinywani mwetu, na kitu chenyewe kimekwisha ondoka.

Waliokiona ni wazee wa Tanga na Moshi, na wa njia ya Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Na wa Mombasa na Nairobi, ambako kazi ya reli ilianza mwaka 1896. Hatuwezi kueleza moshi wa injini ndogo kabla ya kueleza ule wa kubwa, maana huu ni mfano wa ule, na mfano haueleweki pasipo asili yake.

Ndani ya injini ya mvuke mlikuwa na tanuru ya moto. Hewa ya moto ilivutwa kupitia mirija mingi iliyokatiza katikati ya maji ya boila, ikayachemsha maji, kisha ikatokea mbele katika chumba cha moshi, chini ya dohani. Mvuke uliopatikana ulikwenda katika silinda kusukuma pistoni. Ulipokwisha fanya kazi yake haukutupwa ovyo. Ulipelekwa katika chumba kile kile cha moshi, ukapulizwa juu kwa nguvu kwa bomba jembamba lililoelekezwa dohanini. Mpulizo ule ulichukua moshi pamoja nao, ukaacha upungufu wa hewa nyuma yake, na upungufu ule ukavuta hewa mpya kuingia motoni. Kwa hiyo kadiri injini ilivyofanya kazi zaidi, ndivyo moto wake ulivyopulizwa zaidi, pasipo mtu kushika mivukuto. Wazee wa Ufipa, jirani zetu, walijua siri iliyo karibu na hii: tanuru zao ndefu za kuyeyushia chuma, ziitwazo malungu, zilivuta hewa zenyewe pasipo mivukuto, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Injini iliongeza juu ya siri hiyo nguvu ya mvuke.

Injini ya silinda mbili ilipuliza mara nne kila magurudumu yake makubwa yalipozunguka mara moja. Ndiyo sauti ile ya chu-chu-chu-chu ambayo watoto huiga hata leo, wasijue walikoipata. Zile injini kubwa za namna ya Garratt, zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester, zilikuwa kama injini mbili chini ya boila moja; basi mapigo yao mara yalipatana, mara yalipishana, kama wapiga ngoma wawili wasiotazamana. Ziko mbili zinazoweza kuonekana katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Moja yaitwa Mount Gelai na ya pili Mount Shengena, yote mawili majina ya milima ya nchi yetu. Kundi lao lilikuwa injini 34, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Zilichoma mafuta mazito badala ya kuni au makaa.

Hapa pana jambo tunalotaka mlishike vizuri. Katika injini kubwa moshi ulikuwa habari. Moshi mweusi mzito ulimwambia dereva ya kuwa moto hauna hewa ya kutosha, na kwamba mali inatoka dohanini bila kuchemsha maji. Wingu jeupe lilikuwa mvuke uliokutana na hewa baridi. Ukungu mwepesi wa kijivu, usioonekana sana, ndio uliokuwa dalili ya moto mwema. Mchochea moto hodari alijulikana kwa uchache wa moshi wake. Katika injini zilizochoma mafuta, masizi yalishika ndani ya mirija, na dawa yake ilikuwa kutupa mchanga kidogo tanuruni injini ikiwa inavuta kwa nguvu: mchanga ulipita mirijani ukikwangua, na dohani ikatapika wingu jeusi la kutisha. Wapiga picha walilipenda wingu lile, lakini watu wa kijijini walioanika nguo zao karibu na reli hawakulipenda.

Katika injini ndogo mambo yamegeuzwa. Mwenyewe ataka moshi mwingi, wala hakuna moto ndani. Ziko kweli injini ndogo za mvuke wa hakika, zichomazo spiriti na kuchemsha maji. Hizo ni habari nyingine. Tunazozisema leo ni zile zinazokwenda kwa nguvu za umeme zitokazo katika reli zenyewe. Pistoni zake ni pambo tu, boila lake halina maji, na moshi wake hutengenezwa na chombo kidogo kilichofichwa chini ya dohani.

Watu walihangaika muda kukipata chombo hicho. Kampuni ya Lionel ya Marekani ilitoa injini zenye moshi mwaka 1946. Mwanzoni ilitumia taa maalumu ya umeme yenye kishimo juu yake. Kidonge kiliwekwa kishimoni, na joto la taa likakifanya kitoe moshi. Mwaka uliofuata taa ile iliachwa, ukatumika waya wa joto. Na waya wa joto ndio unaotumika hata sasa, ila badala ya vidonge huwekwa mafuta.

Chombo chenyewe ni hivi. Kuna kikopo kidogo, pengine si kikubwa kuliko ncha ya kidole. Ndani yake mna utambi, kama ule wa taa ya chemli lakini wa nyuzi zisizoungua upesi, nao umelowa mafuta. Waya mwembamba umezungushwa karibu na utambi au juu yake. Umeme ukipita katika waya ule mwembamba hukuta ugumu wa kupita, na ugumu huo hugeuka joto. Mafuta yaliyo karibu na waya huchemka na kuwa mvuke wa mafuta. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Unapopanda dohanini hukutana na hewa ya chumbani iliyo baridi zaidi, nao hurudi kuwa mafuta, lakini sasa kwa matone madogo mno, ambayo kila moja peke yake halionekani. Matone hayo kwa wingi wao huutawanya mwanga, nasi tukayaona kama wingu jeupe.

Basi mwaona ya kuwa moshi huu si moshi. Hakuna kilichoungua. Ni ukungu, ndugu wa ule tunaoutoa mdomoni asubuhi za Juni na Julai kule milimani Mbeya. Huko pumzi ya mtu huonekana. Msangano bondeni, kwa joto lake, pumzi hiyo hiyo haionekani. Tena tazameni birika la chai linapochemka: karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi tupu, na wingu huanza mbele kidogo. Pale patupu ndipo ulipo mvuke wenyewe. Mwalimu akiweka birika na injini ndogo juu ya meza moja, wanafunzi watalifahamu jambo hili kwa dakika tano kuliko kwa maneno ya siku nzima.

Katika chombo kilicho rahisi kabisa ukungu hupanda polepole wenyewe, kama moshi wa jiko lililofunikwa majivu. Katika namna nyingine, iliyoenezwa sana na watengenezaji wa Ujerumani, mna mrija mwembamba uliosimama ndani ya kikopo; mafuta huchemka ndani ya mrija na kutupa ukungu juu kwa mapovu madogo. Namna iliyo bora huongeza pumzi. Kuna kipistoni kidogo, au kifeni, kinachosukuma hewa kupitia tundu chini ya utambi kufuata mwendo wa magurudumu. Hapo ndipo injini ndogo hupuliza kwa mapigo, na mtoto akasikia na kuona kile ambacho babu yake alikiona Tabora.

Hata hivyo haiwi sawa kabisa, wala lawama si ya fundi. Chukueni ile Garratt, yenye urefu wa kadiri ya mita 32. Ikipunguzwa mara 87, kama ilivyo desturi ya namna moja ya mifano, huwa kadiri ya sentimita 37. Chuma kimepungua mara 87, lakini hewa haikubali kupunguzwa. Matone ya ukungu ni yale yale, na upepo wa dirishani ni ule ule. Kwa hiyo moshi wa injini ndogo huonekana mzito na mvivu, na mlango ukifunguliwa tu huanguka upande mmoja.

Sasa tuje kwenye malalamiko tunayoyasikia mara nyingi: "Injini ikienda mbio hutoa moshi vizuri, ikienda polepole moshi hukoma." Wengi hudhani chombo kimekufa. Hapana, ni hesabu tu. Katika mitambo ya zamani umeme unaoendesha magurudumu ndio unaopasha waya joto, na ukipunguza mwendo umepunguza umeme. Tuseme waya una ugumu wa omu 20. Ukipewa volti 12 hupitisha ampea 0.6, na joto lake ni wati 7.2. Ukipewa volti 6, yaani nusu, hupitisha ampea 0.3, na joto lake ni wati 1.8. Umeme umepungua kwa nusu, lakini joto limepungua hata robo! Mafuta hayachemki kwa robo ya joto. Wanafunzi wa hesabu waifanye wenyewe kwa volti 9, wataona. Katika mitambo ya siku hizi reli hupewa umeme usiobadilika, na mwendo huamriwa kwa ishara, kwa hiyo injini yaweza kutoa moshi hata ikiwa imesimama. Lakini ama ya zamani ama mpya, umeme wake sharti upitie transfoma yake au betri inayolingana nayo. Umeme wa ukutani wa volti 230 usiguswe kamwe na reli hizi. Huo huua mtu.

Habari ya mafuta yataka uangalifu kuliko yote. Mafuta ya moshi huuzwa kwa chupa ndogo. Ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana mpaka hayana rangi, na pengine hutiwa harufu. Katika chuo chetu cha ualimu tunayo injini moja ya namna hii, na ile chupa yake ilipokwisha kijana mmoja alileta mafuta ya taa, akasema kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, hata haya si yanaitwa parafini?" Swali lake lilikuwa la akili, kwa kuwa jina hilo moja huitwa vitu viwili. Mafuta ya taa watu wengi huyaita parafini, na mafuta mazito meupe ya duka la dawa nayo huandikwa parafini. Havifanani. Mafuta ya taa huweza kuanza kutoa mvuke unaoshika moto tangu nyuzi 38 hivi za joto, na waya wa chombo chetu hupita hapo mara nyingi. Mkiyatia humo, mmetengeneza taa isiyo na kioo ndani ya kitu ambacho mtoto anakiinamia. Mafuta ya moshi nayo yaweza kuwaka, ila kwa joto kubwa zaidi. Mafuta ya alizeti na karanga hayafai pia. Yakipata joto jingi huharibika, hutoa moshi wa kuchoma macho, na kuacha gundi nyeusi isiyotoka. Maji nayo hula chuma na kuharibu viungo vya umeme. Yakikosekana mafuta yaliyoandikwa na mtengenezaji, injini iende bila moshi, na kama ina swichi ya moshi izimwe.

Tena chupa ile iwekwe mbali na watoto wadogo. Mtoto akinywa mafuta ya namna hii, au mafuta ya taa, msimtapishe. Hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni, na kutapika huyapeleka huko. Mpelekeni hospitali upesi, na chupa mwende nayo ili mganga ajue ni kitu gani alichokunywa.

Kinachoua vyombo vya moshi zaidi ya kila kitu ni kukaukiwa. Kila mpishi ajua sababu yake. Sufuria ya maharage ikiwa na maji haiungui hata moto uwe mkali, kwa kuwa maji yanayochemka huchukua joto na kwenda nalo. Maji yakikauka, joto halina pa kwenda, na mara maharage yameungua. Ndivyo ulivyo utambi. Mafuta yakiwamo, joto hutumika kuyachemsha. Yakiisha, waya huzidi kupata moto, utambi huungua ukawa mgumu mweusi kama kaa, na utambi ulioungua haunywi mafuta tena hata ukiutilia chupa nzima. Basi kanuni ni kutia mafuta kabla ya kuwasha, na kuongeza mara moshi unapoanza kupungua. Msingoje uishe kabisa. Matone machache hutosha dakika chache tu, kwa hiyo darasani mtu mmoja apewe kazi ya kuyaangalia.

Kinyume chake, kujaza mno nako huzuia moshi. Waya uliozama katika mafuta mengi sharti uyapashe yote kwanza, nao hauna nguvu hiyo. Na katika namna yenye mrija, mrija uliojaa hauwezi kutupa mapovu. Injini yenye pistoni hutema mafuta juu ya paa lake. Tieni matone kwa hesabu iliyoandikwa katika karatasi ya mtengenezaji, kwa bomba dogo la kudondoshea dawa. Yakizidi, zimeni umeme, ngojeni ipoe, kisha ingizeni karatasi laini iliyosokotwa iyanyonye.

Moshi ukikataa kabisa, fanyeni uchunguzi kwa taratibu. Injini yenyewe inakwenda? Kama haiendi, shida iko kwenye umeme au reli. Kama inakwenda na mafuta yamo, ngojeni dakika moja, kisha wekeni kiganja juu ya dohani, mbali kidogo, wala msiiguse. Mkisikia joto na moshi hakuna, utambi umeungua, au tundu la hewa limeziba, au mafuta yamezidi. Msiposikia joto, waya umekatika au kiungo kimelegea. Hapo mpelekeeni fundi wa redio. Mita yake itamwonyesha mara moja kama umeme unapita katika waya au haupiti. Utambi mpya hubadilishwa kwa koleo ndogo, umeme ukiwa umezimwa na injini imepoa, na nyuzi zake zisishindiliwe, maana pasipo nafasi hewa haipiti. Na mkisikia harufu ya kitu kinachoungua zimeni papo hapo, msingoje kutafuta sababu kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Ukungu wa maji hukauka ukapotea, lakini ukungu wa mafuta haupotei upesi. Hushuka ukatua mezani, juu ya injini, na juu ya reli. Wakati wa kiangazi, vumbi la Msangano likichanganyika na mafuta hayo hufanya utelezi mweusi juu ya reli. Magurudumu huteleza, umeme haupiti vizuri, na mwalimu hudhani injini imechoka. Zimeni umeme, mpanguse reli na magurudumu kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, na muache vikauke kabisa kabla ya kuwasha tena. Madirisha yawe wazi wakati wa mchezo, hata kama upepo utauharibu moshi, kwa kuwa mafuta yaliyo hewani huingia vifuani mwetu. Mkimaliza, acheni mafuta kidogo katika utambi, mngoje injini ipoe, ndipo muifunge kitambaa na kuiweka sandukuni ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Ikilazwa ubavu, mafuta yatapita dohanini na kushuka mpaka kwenye mota.